Fainali ya kikapu ya vyuo Marekani: kwa nini huanza usiku hivyo?

Fainali ya wanaume ya 2024 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu Marekani, kati ya vyuo vya UConn na Purdue, ilianza saa 3:20 usiku kwa saa za New York, siku ya Jumatatu. Lawama za mashabiki ni za haki, ila sababu zinazotajwa mara nyingi sizo.

Dhana: Ikianza saa 1 jioni, wote watafaidi.
Saa 1 jioni ya New York ni saa 10 alasiri Los Angeles, watu bado wako kazini. Marekani bara ina kanda kuu nne za saa: 3:20 ya New York ni 2:20 Chicago, 1:20 Denver na 12:20 jioni Los Angeles. Tatizo ni kwamba kama robo tatu ya Wamarekani wanaishi kanda za mashariki na kati. Wengi wanakesha ili wachache wawahi, na mtoto wa shule Boston analala kabla ya kombe kutolewa. Mwaka 2025 fainali ilirudishwa hadi 2:50. Nusu saa haitoshi. Saa 2 kamili ingefaa zaidi.

Dhana: Watazamaji wapo usiku tu.
Fainali ya wanawake ya 2024, South Carolina na Iowa, ilianza Jumapili saa 9 alasiri na kupata wastani wa watazamaji milioni 18.9. Ya wanaume, kesho yake usiku, ilipata milioni 14.8. Kweli, mchezaji nyota Caitlin Clark wa Iowa alivuta umati, na ABC, televisheni iliyoonyesha ya wanawake, hunaswa kwa antena bila malipo ilhali TBS, iliyoonyesha ya wanaume, ni ya kulipia. Hata hivyo, saa 9 ya New York ni saa 6 mchana Los Angeles: hakuna aliyelala.

Dhana: Wanaume nao wacheze Jumapili.
Nusu fainali zao ni Jumamosi, na wachezaji wanahitaji siku ya kupumzika. Ndiyo Jumatatu hiyo, tangu 1973.

Dhana: Saa ya ratiba ndiyo saa ya mchezo.
Si katika raundi ya kwanza, yenye michezo 16 kwa siku. Ukumbi mmoja hubeba michezo minne, miwili miwili, na wa pili huanza kama nusu saa baada ya wa kwanza kumalizika. Wa kwanza ukienda muda wa nyongeza, unaofuata unasogea. Angalia ule uliotangulia umeisha lini, kisha hesabu nusu saa.

Dhana: Dar es Salaam na Nairobi tofauti na New York ni saa 8 daima.
Ni 8 Januari, lakini 7 Aprili, kwa kuwa Marekani huwa wameshasogeza saa mbele mwezi Machi. Saa 3:20 usiku ya Jumatatu New York ni saa 10:20 alfajiri ya Jumanne kwetu. Ukitega king'amuzi kurekodi, weka Jumanne, na ongeza saa nzima mwishoni.