Kumbatio: dhana ya upatanisho kwa Miroslav Volf

Katika teolojia ya Miroslav Volf, kumbatio ni upatanisho wote kwa jumla: kumpa tena nafasi maishani mwako mtu aliyekutenda uovu. Msamaha ni sehemu tu ya safari hiyo. Wanaomsoma juujuu hudhani anahubiri "samehe na usahau", nami naona hapo wanampunja sana.

Volf alizaliwa mwaka 1956 mjini Osijek, Kroatia, wakati huo ikiwa sehemu ya Yugoslavia. Alisomea udaktari wa teolojia Tübingen, Ujerumani, chini ya Jürgen Moltmann, na kwa miaka mingi amefundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka 1993, vita ikiwa imepamba moto kwao, alitoa mhadhara kuhusu kumkumbatia adui. Alipomaliza, Moltmann alisimama akamuuliza kama anaweza kumkumbatia mchetniki, yaani mmoja wa wapiganaji wa Kiserbia waliokuwa wakiwatesa watu wake. Volf alijibu kuwa hawezi, ila kama mfuasi wa Kristo anadhani anapaswa kuweza. Kutokana na swali hilo alitoa kitabu chake *Exclusion and Embrace*, mwaka 1996.

Humo analichambua kumbatio kwa vitendo vinne. Unafungua mikono, ishara kwamba unamtaka mwenzako na umemwachia nafasi. Unangoja. Mikono inafungwa, pande zote mbili, bila kubanana. Kisha inafunguliwa tena, kila mmoja abaki na utu wake.

Kungoja ndiko kunakosahaulika, nako ndiko kiini. Aliyeumizwa akisukumwa amshike mkono mkosaji mbele ya wazee au mchungaji ili shauri liishe, hilo kwa Volf si kumbatio, ni ukatili mwingine. Wala mkosaji hawezi kulidai kama haki yake.

Haki basi inakaa wapi? Volf anatenganisha utayari wa kukumbatia na kumbatio lenyewe. Utayari haungoji toba. Ndivyo alivyofanya baba wa mwana mpotevu katika Luka 15, aliyekimbia kumlaki mwanawe kabla kijana hajafungua kinywa kuungama. Lakini kumbatio halikamiliki mpaka ukweli usemwe na haki itendeke. Hata kusamehe kwenyewe, anasema, huanza kwa kulitaja kosa kuwa ni kosa, ndipo uamue kutomhesabia aliyelitenda.

Kumbukumbu ya uovu ni jambo analolijua mwilini. Mwaka 1984, akiwa askari wa lazima katika jeshi la Yugoslavia, alihojiwa kwa miezi na ofisa anayemwita Kapteni G., akishukiwa kuwa adui wa taifa. Katika kitabu cha mwaka 2006, *The End of Memory*, anajiuliza jinsi ya kumkumbuka mtu huyo kwa haki: asikuze alichotendewa, asikipunguze, na asigeuze maumivu yake kuwa silaha. Anakwenda mbali zaidi na kusema kwamba katika ulimwengu ujao, Mungu akishakamilisha hukumu na uponyaji, maovu hayo hayatatujia tena akilini. Wapo wanaompinga vikali hapo, kwa ajili ya waliouawa. Lakini yeye anauona usahaulifu huo kuwa zawadi ya mwisho kutoka kwa Mungu, na hakuna binadamu mwenye mamlaka ya kumwamuru aliyeumizwa asahau leo.