Ankara za eTIMS: kosa huanzia stoo, si kaunta

Tarehe 20 ya mwezi ikikaribia, foleni ya meza yetu ya elimu kwa walipa kodi, ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) hapa Mombasa, hufika ngazini. Lalamiko huwa moja, maneno ndiyo hutofautiana: "Mfumo wenu umeniongezea VAT." Mfumo wenyewe ni eTIMS, wa KRA wa kutolea ankara za kielektroniki, na VAT ni kodi ya ongezeko la thamani. Tunafungua akaunti pamoja na mwenyewe, na aghalabu tunakuta mfumo haukuongeza hata senti. Umejumlisha yale ambayo yeye, au kijana aliyemwachia simu, aliyaingiza, na umenyamaza juu ya yale ambayo hakuna aliyeyaingiza.

Sitarudia hapa namna ya kujisajili. Kwa mwenye PIN, yaani namba ya mlipa kodi, na laini yake ya simu hilo ni jambo dogo. Ninachotaka kueleza ni kwamba eTIMS iliundwa iwe daftari la biashara nzima, kuanzia mzigo unapoingia, nasi tukaigeuza kitabu cha risiti. Mwenye duka analipia usumbufu wote wa mfumo halafu anaacha faida yake mlangoni.

Tuanze na mzigo. Ukinunua kwa muuzaji aliye ndani ya mfumo na PIN yako ikaandikwa kwenye ankara, ununuzi huo hujitokeza kwenye akaunti yako ukisubiri uukubali au uukatae. Anayeagiza kutoka ng'ambo naye ni vivyo hivyo: bidhaa zilizotolewa forodhani kwa PIN yake hujitokeza zikingoja aziingize stoo. Watu wa bandarini hawatashangaa. Mawakala wa forodha wakongwe wanakumbuka walivyokimbizana na makaratasi kabla ya Simba, mfumo wa kompyuta wa forodha, kuanza mwaka 2005, na leo iCMS, mfumo wa forodha wa sasa, ikikwama saa moja tu ndio hao hao wa kwanza kupiga simu. Lakini wakala huyo akifungua duka la vipuri Mwembe Tayari, mzigo wa kontena zima unakaa miezi minne bila kukubaliwa kwenye akaunti, kisha anatuuliza kwa nini stoki yake inasoma hasi.

Stoki hasi si ugonjwa wa kompyuta. Chukua muuza leso wa Barabara ya Biashara. Yeye hununua kwa korija, na korija ni ishirini. Huuza kwa doti moja moja. Akiingiza korija 10 na kuandika idadi 10, akisahau kubadili kipimo, basi kwa macho ya mfumo duka lina doti 10 badala ya 200. Doti ya kumi na moja ikiuzwa, hesabu inaingia chini ya sifuri. Mwisho wa mwezi hajui ni leso ipi inayotoka na ipi imelala rafuni tangu Idi, ilhali hayo ndiyo hasa aliyotaka kujua alipoamua kuweka kompyuta. Rekebisha kipimo siku ya kwanza: andika kile unachouzia, halafu zidisha unapopokea.

Jambo la pili ni herufi. Kila bidhaa unayoisajili hupewa herufi ya kodi: A ni iliyosamehewa, B ni ya asilimia 16, C ni ya asilimia sifuri, D ni isiyo ya VAT, E ni ya asilimia 8. Kijana wa duka, kwa haraka zake, hubonyeza B kwa kila kitu. Ukiuza mbogamboga na matunda yasiyosindikwa kwa herufi B umejitwisha kodi ambayo sheria haikukutwisha, na hapo ndipo lile neno "mmeniongezea" linapozaliwa. Kaa na orodha ya bidhaa zako jioni moja, bidhaa kwa bidhaa. Duka la kawaida la Majengo huzimaliza kwa vikombe viwili vya kahawa.

Na ukishakosea kwenye ankara? Hapa naomba nieleze polepole, kwa sababu ndipo tunapopoteza siku nzima. Ankara ya eTIMS haifutwi. Haifutwi na wewe, na haifutwi na mimi ukinibembeleza. Inasahihishwa kwa kredi noti, yaani hati inayopunguza kiasi cha ankara ya mwanzo. Unatafuta namba ya ankara ya mwanzo, unachagua sababu (bidhaa kurudishwa, bei kukosewa, kipimo kukosewa), unaingiza kiasi kinachopunguzwa, si kiasi kilichobaki, unahakikisha PIN ya mnunuzi ni ile ile, unatuma, kisha unatoa ankara mpya iliyo sahihi. Kredi noti iwe imetolewa ndani ya miezi sita tangu tarehe ya ankara. Bidhaa ikiwa imerudi dukani kweli, hakikisha imerudi na kwenye stoki. Wengi huishia kwenye pesa. Asiyefuata mpangilio huu hutoa ankara ya pili juu ya ya kwanza, na mauzo ya shilingi 50,000 yanasomeka 100,000. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi unayowasilisha, hujazwa kutokana na ankara hizo hizo. Sasa nani kamwongezea?

Adhabu nazo zifahamike vizuri, maana mitaani zinasimuliwa kwa chumvi au zinapuuzwa kabisa. Kutotoa ankara ya kielektroniki unapopaswa kuitoa kuna adhabu ya mara mbili ya kodi husika. Bidhaa ya shilingi 50,000 yenye VAT ya asilimia 16 ina kodi ya 8,000. Adhabu ni 16,000, na ile 8,000 yenyewe bado unadaiwa. Kuchelewesha ritani ya VAT ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, kutegemea ipi kubwa. Kuchelewa kulipa ni asilimia 5, pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Ankara ya ununuzi usipoidai ndani ya miezi sita baada ya kipindi chake kwisha, haki ya kupunguziwa VAT uliyolipa kwenye ununuzi huo imepita. Hesabu na rekodi zako zitunze miaka mitano.

Kuna adhabu nyingine isiyoitwa adhabu, nayo ndiyo huuma zaidi. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguzwa kwenye mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa na kanuni, kama vile mishahara, riba na bidhaa zilizoagizwa nje. Kampuni ikinunua mali ya 800,000 na kuiuza 1,000,000, faida ni 200,000, na kodi kwa asilimia 30 ni 60,000. Mali hiyo ikiwa ilinunuliwa bila ankara, kodi inahesabiwa juu ya milioni nzima: 300,000. Kodi imeipita faida. Ndiyo maana mteja wako mwenye kampuni anakuhama akisikia huna ankara. Wala hajakuchukia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hoja ambayo, nakiri, hunichosha: "Afisa, mimi sijafika milioni tano, hainihusu." Milioni tano kwa mwaka ni kiwango cha kulazimika kusajiliwa kwa VAT. Kutoa ankara za eTIMS ni jambo jingine, nalo linamhusu kila anayefanya biashara. Bi mkubwa mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hivyo nikijiunga mtaniandikisha VAT." La, bibi. Kujiunga hakukuandikishi VAT. Nimelisema hili mara nyingi kiasi kwamba wenzangu ofisini hulimalizia kabla yangu.

Kwa mwenye duka dogo hakuna haja ya kununua mashine wala kompyuta. Kuna eTIMS Lite ya kwenye tovuti, kuna njia ya *222# kwa simu ya kawaida, na kuna programu ya simu. Programu ya kompyuta inafaa duka lenye bidhaa nyingi. Wenye mifumo yao ya mauzo huiunganisha na wetu, na wauzaji wa mifumo hiyo watawaeleza bei zao wenyewe. Sisi hatumpendekezi yeyote.

Ujumbe wa M-Pesa nao si ankara. Unathibitisha kwamba pesa zimetoka kwa huyu zikaenda kwa yule, lakini hausemi ni saruji au misumari, wala ni mifuko mingapi. Till, ile namba ya dukani ya kupokelea M-Pesa, ni nzuri, na ulinganishe jumla yake na mauzo ya mfumo kila jioni. Zikitofautiana, ama kuna aliyelipa taslimu, ama kuna aliyeuza bila kuandika. Wenye maduka kadhaa wametuambia kwamba ulinganisho huo ndio uliowafichulia mwizi. Si kazi yetu hiyo, lakini tumefurahi.

Wachuuzi wa jumla wa Kongowea wana hoja yenye uzito. Lori la vitunguu linafika alfajiri, mkulima hana ankara, na anataka kugeuza gari kabla jua halijawa kali. Sheria sasa inamruhusu mnunuzi aanzishe ankara kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayafiki milioni tano kwa mwaka. Unahitaji PIN ya mkulima, naye anaikubali kwa simu yake. Iombeni PIN siku mnapokubaliana bei, msingoje mzigo uanze kushushwa.

Stima ikipotea au mtandao ukikatika, kuuza hakukatazwi. Tupe taarifa kwa maandishi ndani ya saa 24, andika mauzo kwenye daftari, na mfumo ukirudi uyaingize yote. Kusema "mfumo ulikuwa chini" wiki tatu baadaye, bila taarifa, hakutakusaidia hata kama ni kweli.

Stoki ambayo tayari imevurugika inarekebishika. Funga duka Jumapili jioni, hesabuni watu wawili, mmoja akitaja na mwingine akiandika, kisha tofauti iingizwe kama marekebisho pamoja na sababu: imeharibika, imeibwa, imetumika dukani. Hata ile sabuni ya kupigia deki iandikwe. Ukikwama, njoo mezani kabla ya tarehe 15, na uje na simu yenye laini uliyojisajilia, si ya mwanao. Namba ya siri hutumwa kwenye laini hiyo, na bila hiyo tutabaki kutazamana tu.