Selamat: salama yetu katika Kiindonesia

Msemaji wa Kiswahili akisikiliza Kiindonesia kwa mara ya kwanza, kuna neno atakalolidaka kabla ya mengine: selamat. Neno hili na "salama" yetu ni ndugu, asili yao ni Kiarabu kilichosafiri na biashara na dini katika Bahari ya Hindi, huku na kule.

Selamat ina mambo mawili ndani yake. Aliyenusurika ajali husemwa yuko selamat. Aliyefaulu mtihani au kupata mtoto huambiwa "Selamat!", yaani hongera. Kwa hiyo salamu ya "selamat pagi" haisifii asubuhi kwamba ni nzuri. Ni dua fupi: asubuhi hii ikukute salama. Mimi naona ukishaielewa hivyo, salamu zote nyingine zinafunguka.

Pagi ni asubuhi, hadi saa nne au tano hivi. Hapo inaingia siang, mchana wa jua kali, hadi kama saa tisa. Kisha sore, alasiri mpaka magharibi, na giza likiingia ni malam. Angalia hapa: "selamat malam" ni salamu ya kumfikia mtu, unabisha hodi nayo usiku. Anayekwenda kulala huambiwa "selamat tidur".

Panapowachanganya wageni ni kwenye kuagana. Sisi tuna "kwaheri", na anayeondoka na anayebaki wote wanaisema. Waindonesia wamegawa. Anayebaki humwambia msafiri "selamat jalan", jalan ikiwa njia: safari njema. Anayeondoka humwambia mwenyeji "selamat tinggal", tinggal ikiwa kubaki: baki salama. Ukizigeuza, unamtakia safari mtu aliyekaa kwake barazani. Isitoshe, "selamat tinggal" ina uzito wa kuagana kwa muda mrefu, pengine moja kwa moja, na "selamat jalan" huandikwa pia kumuaga marehemu. Kwa mtu utakayemwona kesho, "sampai jumpa", mpaka tuonane, inatosha kabisa.

Kuna ndugu mwingine wa kutoka Kiarabu: kabar, ambayo ni habari. "Apa kabar?" ni "habari gani?", na jibu ni "baik", nzuri. Ukitafsiri neno kwa neno, hakuna kinachopotea.

Lakini salamu bila kumtaja mtu huwa kavu. Mama huitwa Ibu, kwa kifupi Bu. Baba ni Bapak au Pak, hata kama hamna undugu wowote. Kijana wa Yogyakarta, mji ulio katika kisiwa cha Java, akipita mbele ya kibanda cha chakula asubuhi atasema, "Pagi, Bu." Mama, mwiko mkononi, atajibu, "Pagi, Mas. Mau ke mana?" Mas ni kaka, kwa Kijava. Swali linauliza anakwenda wapi, ila mama hamchunguzi. Ni njia ya kumjali. "Jalan-jalan," natembea tu, ni jibu kamili, na kijana anaendelea na njia yake. "Sudah makan?", umeshakula?, hutumika vivyo hivyo.

Salamu ninayoipenda kuliko zote ni ya Idul Fitri, sikukuu wanayoiita pia Lebaran. Baada ya "Selamat Hari Raya" huongezwa "mohon maaf lahir dan batin": naomba msamaha, wa nje na wa ndani. Lahir hapo ni dhahiri yetu, batin ni batini. Mtu anaomba asamehewe alilokukosea waziwazi na lile alilokuwazia moyoni bila wewe kujua. Katika familia nyingi za Java, siku hiyo watoto, hata wenye mvi, hupiga magoti mbele ya wazazi, huinamisha kichwa kwenye mikono au magoti yao, na kuyatamka maneno hayo kwa sauti ya chini.