Halmashauri na mfanyabiashara: yanayosemwa vijiweni na yaliyomo kwenye sheria

Fedha kati ya halmashauri na wafanyabiashara wake hupita pande zote mbili. Zinaingia kama leseni, ushuru na kodi za vibanda. Zinatoka kama mikopo ya vikundi, zabuni, masoko, stendi na vyumba vya madarasa. Safari ya kwenda kila mtu anaijua kwa sababu inauma. Ya kurudi ndiyo imejaa maneno ya vijiweni, na maneno hayo yamewakosesha watu wengi haki yao. Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

“Nimeshalipa TRA, halmashauri inanidai nini tena?”

TRA inakusanya kodi za serikali kuu, nazo zinaingia Hazina. Halmashauri inakusanya vyanzo vyake yenyewe chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Hiyo ni mifuko miwili: risiti ya mmoja haifuti deni la mwingine.

Kinachozozaniwa zaidi ni ushuru wa huduma. Wengi wanadhani unapigwa kwenye faida, ndiyo maana mtu aliyepata hasara anashangaa kudaiwa. Unapigwa kwenye mauzo, baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa asilimia 0.3. Bunge hugusa viwango vya aina hii mara kwa mara kupitia Sheria ya Fedha ya kila Juni, kwa hiyo ulizia kiwango cha mwaka husika kabla ya kukaa na kikokotoo.

Kosa la pili hutokea hapo hapo kwenye kikokotoo. Chukua duka lililosajiliwa VAT ambalo mauzo yake, pamoja na VAT ya asilimia 18, ni shilingi 59,000,000. Ukizidisha moja kwa moja kwa asilimia 0.3 unapata 177,000. Hesabu sahihi ni kugawa kwanza kwa 1.18, unabaki na 50,000,000, ndipo uzidishe: 150,000. Shilingi 27,000 zimetoka mfukoni bure, na zitatoka tena kila utakaporudia. Afisa mapato naye akikosa mchanganuo wa mauzo yako atakukadiria kwa macho, na macho ya afisa mapato huwa hayapungui. Mpelekee taarifa ulizowasilisha TRA.

Mwenye matawi katika halmashauri mbili agawe mauzo kwa tawi na kulipa kila upande sehemu yake. Akilipa yote makao makuu, halmashauri ya pili itakuja kudai, na kurudishiwa fedha na ile ya kwanza ni kazi ya miezi.

Lipa kwa namba ya malipo tu, iwe umeitoa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa mapato ya halmashauri, au umepewa ofisini. Kwa ushuru mdogo wa sokoni unaokusanywa na wakala mwenye mashine ya POS, usiondoke bila risiti iliyotoka kwenye mashine mbele yako. “Karatasi imeisha, nitakuletea jioni” maana yake fedha hiyo inaweza isifike benki kabisa. Wakaguzi huziita fedha mbichi: zimekusanywa, zimetumika, hazijawahi kuonekana kwenye akaunti. Na kwenye mfumo jina lako litaendelea kusomeka kama mdaiwa.

“Asilimia kumi ni pesa za wanasiasa”

Hii ilitokana na uchungu wa kweli, lakini si sahihi. Tangu 2018, kifungu cha 37A cha Sura ya 290 kinailazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yanayolindwa kwa matumizi maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni fungu la kisheria. Mkurugenzi au diwani hana hiari ya kulitoa au kulinyima, na ukubwa wake unategemea makusanyo. Mfanyabiashara anayelipa ushuru wake ndiye anayelijaza.

Ni kweli pia kwamba fungu hilo lilichezewa. Ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zilionyesha vikundi hewa na marejesho yasiyofuatiliwa, serikali ikasimamisha mikopo Aprili 2023. Ilirejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki.

Wengine wanaamini kinyume chake: kwamba ni pesa za bure. Zinarudishwa, na zikirudi zinakopeshwa kikundi kingine. Anayekula rejesho anamnyima mwenzake wa mtaa wa pili, na mkataba unawabana wanakikundi wote, si mwenyekiti peke yake.

Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kinahitaji katiba, usajili, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, na andiko la mradi. Maombi yanachujwa ngazi ya kata kabla ya kupanda halmashauri. Yanayoangushwa huanguka kwa sababu zilezile: wanakikundi wote wa nyumba moja, kikundi kilichozaliwa wiki ya tangazo, au andiko lililonakiliwa kwa jirani hadi makosa ya tahajia.

Linaloua mradi hata baada ya mkopo kutoka ni ratiba ya marejesho isiyolingana na biashara. Kuku wa nyama huuzwa wakiwa na wiki tano hadi sita. Kikundi kinaomba fedha za banda na vifaranga vya mkupuo mmoja, kinasahau chakula cha mkupuo wa pili. Mkupuo wa kwanza ukiuzwa, fedha yote inaingia kwenye rejesho, banda linabaki tupu, na mwezi unaofuata hakuna cha kurejesha. Omba mtaji wa mikupuo miwili kamili, pamoja na chanjo na vifo vya kawaida, na uombe rejesho la kwanza lianze baada ya mauzo ya kwanza. Kwa kilimo cha msimu, marejesho ya kila mwezi ni kujitafutia kesi.

“Zabuni za halmashauri zina wenyewe”

Zipo zinazopindishwa, hilo tusilizungushe. Ila zabuni nyingi ndogo watu huzikosa kwa sababu ya karatasi. Ununuzi wa umma sasa unapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS, na sheria ya ununuzi inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichokopeshwa asilimia kumi kinaweza kuiuzia halmashauri hiyohiyo madawati au sare. Maofisa wengi hawawaambii wanavikundi hilo, na hapo lawama ni yao.

Makosa kwenye NeST ni ya kawaida mno. La kwanza: mtu anasajiliwa na kijana wa steshenari, kwa barua pepe na namba ya simu ya kijana huyo. Mialiko yote inakwenda kwake, na siku akihama mtaa akaunti imehama naye. Tumia namba yako na nywila yako. La pili: kuchagua aina ya shughuli isiyo yako, hivyo zabuni za vifaa vya ujenzi hazikufikii kwa sababu ulijiandikisha kwenye usafi. La tatu: leseni au hati ya TRA iliyoisha muda wake siku tatu kabla ya kufunga zabuni. La nne ni bei: mzabuni anaandika bei ya dukani, anasahau kwamba shule inayopelekewa ipo kilomita 40 kwenye barabara ya vumbi, na gharama ya lori na ya kushusha inakula faida yote.

Kisha kuna simu. “Tuletee mifuko 50 ya saruji leo, karatasi zitafuata.” Usipeleke. Hati ya kuagiza bidhaa, yaani LPO, itangulie, mzigo ufuate, kamati ya mapokezi ihesabu na kusaini, ndipo utoe ankara na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Mzigo uliotangulia karatasi haupo kisheria, na aliyekupigia simu anaweza kuhamishwa kesho. Mrithi wake hatasaini mzigo ambao hakuuona.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Ankara inayoletwa siku za mwisho isipolipwa inahamia kwenye orodha ya madeni ya wazabuni, na deni la mwaka uliopita linahakikiwa upya kabla ya kulipwa. Mzigo wa Juni ukamilishe karatasi mapema Juni, au kubali kusubiri.

Malalamiko ya “wamenikata pesa yangu” karibu kila mara ni kodi ya zuio. Muuza bidhaa kwa serikali anakatwa asilimia 2, mtoa huduma asilimia 5. Kwenye ankara ya shilingi 5,000,000 ya bidhaa, 100,000 inabaki na kupelekwa TRA kwa jina lako. Haijapotea: dai cheti cha kodi ya zuio na ukitumie kupunguza kodi yako ya mwaka. Bila cheti huna cha kuonyesha, na hapo ndipo inapotea kweli.

Miradi inayojengwa kwa force akaunti, yaani kwa mafundi wa eneo husika badala ya mkandarasi mkubwa, ni mlango mwingine. Mwaka 2021, kwa fedha za Uviko-19, vyumba vya madarasa 15,000 vilijengwa nchini kwa kadirio la shilingi milioni 20 kila kimoja. Nondo, bati na kokoto za miradi ya aina hii hununuliwa kupitia kamati za shule, na mwenye duka aliyejiweka sawa na EFD na NeST ana nafasi nzuri kuliko wa mjini, kwa sababu ya usafiri.

“Kibanda cha sokoni ni changu, nakipangisha nitakavyo”

Ulipangishwa, hukuuziwa. Kumkodisha mwingine kwa mara tatu ya kodi unayolipa halmashauri ndio udalali unaofanya soko lionekane limejaa huku mapato hayaongezeki. Halmashauri ikihakiki, inaingia mkataba na inayemkuta ndani. Mpangaji wa dalali awe na risiti zake, hata za dalali.

“Sheria ndogo zinashushwa tu”

Sheria ndogo ya ushuru inapita kwa wananchi kutoa maoni, kisha baraza la madiwani, kisha waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha Gazeti la Serikali. Iliyokamilika ina namba ya tangazo la serikali. Mtoza ushuru akikuletea tozo mpya, muulize kwa adabu namba hiyo. Asipokuwa nayo, omba aandike dai kwa maandishi na ulipeleke kwa mwanasheria wa halmashauri.

Bajeti ina mlango wake, na watu huubisha ukiwa umeshafungwa. Mapendekezo huanzia mtaa au kijiji, yanapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na madiwani huipitisha rasimu mwanzoni mwa mwaka, kabla Bunge halijaanza vikao vya bajeti Aprili. Wenye maduka wanaotaka choo cha soko au taa za stendi wawe wameandika kwa kata kabla ya Desemba. Barua ya Mei inasubiri mwaka mzima.

“Mgodi ukijenga zahanati, umetusaidia”

Kwa madini, Sheria ya Madini kifungu cha 105, kama kilivyorekebishwa 2017, kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na aukubaliane na halmashauri. Zahanati hiyo ni utekelezaji wa mpango uliokubaliwa, wala haichukui nafasi ya ushuru wa huduma, ambao mgodi unalipa kando. Swali la kumuuliza diwani wa maeneo ya migodi kama Geita au Tarime ni hili: bei ya kila kitu kwenye mpango iliandikwaje, na nani alikagua? Madawati yaliyotajwa kwa bei mara mbili ya sokoni hupunguza mpango kwa nusu bila mtu kuiba hata shilingi moja hadharani.

Duka la kawaida halibanwi na kifungu hicho. Likichangia, litoe vitu badala ya fedha taslimu, lipate hati ya makabidhiano yenye saini ya mkuu wa shule au mganga mfawidhi, na lisitegemee mchango huo kupunguza ushuru.

“Baraza la biashara ni la wakubwa”

Mabaraza ya biashara ya wilaya na mikoa yako chini ya Baraza la Taifa la Biashara, lililoanzishwa 2001. La wilaya linaongozwa na mkuu wa wilaya, na sekta binafsi ina viti vyake. Hata chama cha wauza mitumba kinaweza kupeleka hoja kupitia wawakilishi hao au TCCIA, chama cha wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Ipeleke kwa maandishi ajenda ikiwa bado haijafungwa, ukurasa mmoja, yenye tozo inayolalamikiwa, kiasi, sheria ndogo inayohusika, na kiwango mnachopendekeza. Baada ya kikao omba muhtasari, uangalie jina la ofisa aliyepewa hoja yenu na tarehe aliyopangiwa.