Alama ya DNA ya maharage: kazi ya herufi zinazojirudia

Punje mbili za maharage zinaweza kufanana rangi, ukubwa na madoadoa, kumbe ni aina mbili tofauti. Ndiyo maana wataalamu wa mbegu hawaishii kwenye macho, huchungulia DNA. Cha ajabu, mara nyingi hawaangalii jeni zinazoujenga mmea. Wanatafuta vipande ambavyo herufi chache (A, C, G na T, vifupisho vya kemikali nne za DNA) zinajirudia mfululizo, kwa mfano GAGAGAGA. Vipande hivi huitwa mikrosatelaiti.

Faida yake inatokana na makosa. Seli inaponakili DNA, kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huteleza penye marudio, kikazidisha GA moja au kuiruka. Kosa kama hilo likiangukia ndani ya jeni muhimu, mmea huweza kudhoofika na kosa likafa nao. Likiangukia mahali pasipo na kazi, mmea hauna habari na kosa linarithiwa. Vizazi vikipita, aina moja inajikuta na GA 12, nyingine 15.

Kupima huanza na jani changa. Linasagwa, DNA inatolewa, kisha mashine ya PCR inarudufu kipande kinachotakiwa mara mamilioni. Vipande huvutwa kwa umeme ndani ya jeli, na vifupi hutangulia; kila urefu huonekana kama mstari wake. Tofauti ya GA 12 na GA 15 ni herufi 6 tu, kwa hiyo jeli isiyo makini haitaiona. Na sehemu moja haitoshi: aina nyingi zitagongana kwenye GA 15. Hupimwa sehemu kadhaa, zilizotawanyika kwenye jozi 11 za kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) za maharage, na mchanganyiko wa majibu ndio alama yenyewe.

Maharage yana urahisi wake. Ua kwa kawaida hujichavusha lenyewe, hivyo mmea wa aina iliyotulia huonyesha mstari mmoja kwa kila sehemu. Mmea mmoja ukitoa mistari miwili, shuku kwamba chavua ya jirani iliingia. Lakini kama majani ya mimea mingi yalisagwa pamoja, huenda ni mbegu zilizochanganyika tu.

Wazo la alama ya DNA lilianza kwa binadamu: mwanasayansi wa jenetiki Alec Jeffreys alilivumbua Leicester, Uingereza, mwaka 1984, akitumia marudio marefu zaidi. Kwenye maharage, alama hii hutaja aina na undugu wake. Mavuno au ukinzani wa magonjwa haisemi, isipokuwa marudio yawe jirani na jeni inayohusika.