Je, wajua kwa nini kuongeza pointi hakutibu mlinganyo wa chembe mbili?

Mwanafunzi wa fizikia katika kampasi ya Chiromo, jijini Nairobi, anayeandika programu ya kukokotoa jinsi nyutroni inavyogongana na protoni, hukutana na mlinganyo wa Lippmann na Schwinger wa mwaka 1950, unaoeleza mgongano wa chembe mbili. Jibu linalotafutwa limefichwa ndani ya integrali, yaani jumla ya vipande vidogo vingi mno, na kila kipande kinagawanywa kwa k² − p², ambapo k ni momenta (tungamo mara kasi) inayolingana na nishati ya mgongano, na p hupitia momenta zote kuanzia sifuri. p inapofika k, tunagawanya kwa sifuri.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza pointi, yaani thamani za p ambako kompyuta hupima vipande hivyo: 100 zikishindwa ziwekwe 10,000, mradi hakuna inayoangukia juu ya k. Dhana hiyo si sahihi. Upande mmoja wa k thamani ni chanya na kubwa mno, upande wa pili ni hasi na kubwa vilevile, na jibu halisi ni kile kinachosalia pande hizo zikishafutana. Pointi zikipangwa kwa nafasi sawa, kufutana huko hutegemea mahali k ilipo kati ya pointi mbili jirani. Ikiwa katikati kabisa, pande zinalingana. Ikiwa umbali wa robo ya nafasi kutoka pointi iliyo karibu, jumla hukosea kwa takriban π/2k mara thamani ya namba ya juu (ile inayogawanywa) pale kwenye k, na katika kosa hilo ukubwa wa nafasi haumo kabisa. Nafasi ipunguzwe mara 100, k ikibaki kwenye robo, kosa ni lile lile. Hili ndilo jambo linalonivutia zaidi katika somo hili.

Ni kama mfanyabiashara wa nafaka pale Nyamakima, Nairobi, anayemdai mteja shilingi 900,000 huku naye akidaiwa na mteja huyo kiasi hicho hicho, na faida yake, nje ya madeni hayo, ni 300. Akikadiria kila deni juujuu, zile 300 hupotea. Madeni yakifutwa kwanza, huhesabika bila taabu.

Njia ya kutoa hufanya hivyo hasa. Integrali ya 1/(k² − p²) kutoka sifuri hadi pasipo kikomo, k ikikaribiwa kwa usawa kutoka pande zote mbili, ni sifuri kamili. Kwa hiyo tunaizidisha kwa thamani ya namba ya juu kwenye k, kisha tunaitoa, na jibu halibadiliki. Sasa p inapofika k, namba ya juu nayo huwa sifuri, na mchoro uliokuwa ukipaa huwa laini. Pointi 32 zilizopangwa kwa kanuni ya Gauss badala ya nafasi sawa, pamoja na k yenyewe, hutoa milinganyo 33 ya kawaida ambayo kompyuta yoyote ya mezani huitatua papo hapo.

Kwa chembe tatu hutumika milinganyo ya Ludvig Faddeev ya mwaka 1960. Nishati ikitosha kuzitawanya zote tatu, mahali pa sifuri huhamahama kadiri momenta ya chembe ya tatu inavyobadilika, na njia ya kutoa peke yake huwa ngumu kutumia. Baadhi ya watafiti huipitisha integrali kwenye namba changamano, yaani namba zinazohusisha mzizi wa −1, ili kukwepa mahali hapo pa sifuri. Kwa tritoni, yaani kiini chenye protoni 1 na nyutroni 2, hali ni tofauti: kuivunja kabisa huhitaji takriban MeV (elektrovolti milioni) 8.48, nishati yake ni hasi, na hakuna popote tunapogawanya kwa sifuri. Huko, pointi zikiongezwa, jibu huboreka kweli.