Tango limelegea? Niambie kwanza ni saa ngapi

Picha ninazotumiwa zaidi kwenye simu ni za majani ya matango. Jani moja, limepigwa kwa karibu mno, lina madoa ya njano, na chini yake swali: "Nipulizie dawa gani?" Suala la dawa huwa naliweka kando kwanza. Nauliza mambo mawili: jani hilo limetoka chini ya mmea au juu? Na hali hiyo umeiona saa ngapi? Mara nyingi aliyetuma hajui, inabidi arudi bustanini kuangalia, na akirudi anakuwa ameshapata nusu ya jibu mwenyewe.

Tuanze na saa, maana tango linahangaisha watu sana mchana. Jani lake ni pana na jembamba, linapoteza maji kwa kasi, na mizizi yake mingi haiendi mbali, iko kwenye sentimita 30 hivi za juu za udongo. Jua la saa saba likiwaka, mizizi haiwahi. Mmea unalegea kama nguo iliyoanikwa. Ukisimama tena jioni, hauumwi. Weka matandazo ya majani makavu kwenye shina na uendelee na shughuli zako. Lakini ukiukuta umelala alfajiri, kabla jua halijatoka, hapo kuna jambo. Chomeka kidole udongoni mpaka kizame. Kama ni pakavu, mwagilia. Kama pamelowa na mmea bado umelegea, usiongeze maji hata tone, kwa sababu mizizi pengine inaoza kwa kukosa hewa. Hili ndilo kosa linaloua matango mengi ya kwenye ndoo: mtu anaona mmea umenyauka, anaumwagilia, kesho umenyauka zaidi, anaumwagilia tena.

Ukiwa na mimea kadhaa na mmoja umekufa hivyo, ung'oe uusome. Mizizi yenye vinundu vinundu ina minyoo fundo, na mahali hapo usipande tango, boga wala tikiti msimu unaofuata. Kama mizizi ni mizima, kata shina karibu na ardhi, gusanisha ncha mbili ulizokata, kisha zitenganishe taratibu. Ute ukivutika kama uzi mwembamba, huo ni mnyauko wa bakteria, ambao huenezwa na mbawakawa wanaokula majani ya matango. Hauna tiba. Toa mmea huo nje ya bustani.

Kuhusu kupanda sina mengi, kwa sababu hapo watu hawakosei sana. Mbegu inataka joto: udongo ukiwa na nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi inachomoza ndani ya siku chache, ukiwa chini ya 15 inaweza kuozea humo humo. Ifukie sentimita 2 tu, pale pale itakapokulia, kwani mche wa tango haupendi kuhamishwa. Ndoo ya lita 20 yenye matundu chini inatosha mmea mmoja, na udongo uwe umechanganywa na mboji iliyoiva. Simika kichanja mapema, kabla vikono havijaanza kutafuta pa kujishika. Tunda linaloning'inia hunyooka, na majani yaliyo juu hukauka upesi baada ya mvua.

Sasa maua. Jirani yangu mmoja alinijia amekata tamaa: "Mwalimu, maua yanatoka mengi, yote yanaanguka. Mmea wangu hauzai." Nilipofika nilikuta mmea mzuri kabisa, wenye maua dume matupu. Tango hubeba maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja, na kwa kawaida dume hutangulia, wakati mwingine kwa wiki nzima au zaidi. Yanafunguka, yanamaliza kazi, yanadondoka. Ndivyo yalivyo. Kulitambua ua jike ni rahisi: nyuma ya petali zake kuna kitango kidogo kama ncha ya kidole cha mtoto, kina vimiba tayari. Ua dume lina kikonyo chembamba tu. Nilimwambia asubiri. Siku chache baadaye majike yakaanza kuonekana.

Ila majike nayo yana tabu yake. Ua jike hufunguka siku moja tu, na chavua ya tango inanata, upepo hauibebi. Lazima nyuki aje, tena si mara moja. Tunda zuri linataka ua litembelewe mara nyingi ndani ya zile saa chache. Akija mara mbili tatu, baadhi tu ya mbegu ndizo zinazochavushwa, na tunda linanenepa pale zilipo mbegu na kubaki jembamba kwingine. Lile tango lenye kiuno, au lililopinda kama ndoano, mara nyingi chanzo ni hiki. Wasipokuja kabisa, kitango kinageuka njano na kusinyaa kikiwa na urefu wa kidole. Watu huona hivyo wakaongeza mbolea. Mbolea yenye naitrojeni nyingi ndiyo inayozidisha majani na kuchelewesha maua, kwa hiyo wanakuwa wamejiongezea tatizo.

Kama unakaa ghorofani au nyuki ni haba, fanya kazi hiyo mwenyewe. Asubuhi, maua yakiwa yamefunguka, chuma ua dume moja. Bandua petali zake zote mpaka kibaki kile kijiti cha katikati chenye vumbi la njano. Kipakaze taratibu katikati ya ua jike, pande zote, kama unayepaka rangi kitu kidogo sana. Dume moja linatosha majike mawili. Kuna aina za matango zinazozaa bila uchavushaji, hasa zile za kwenye vitalu vilivyofunikwa. Pakiti ya mbegu huwa imeandika, na hizo ziache kama zilivyo.

Nami nimewahi kujikosesha mavuno. Niliona vidukari, nikapuliza dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi. Vidukari walirudi baada ya siku kadhaa. Nyuki hawakuonekana karibu wiki mbili. Tangu hapo vidukari nawaosha kwa maji ya nguvu upande wa chini wa jani, au maji yenye sabuni kidogo, jioni maua yakiwa yamefumba. Usiwapuuze, kwani ndio wanaobeba virusi vya batobato. Majani machanga yakikunjamana na kuwa na mabaka ya kijani na njano, mmea huo umekwisha.

Turudi kwenye jani la picha. La chini, limekuwa njano lote sawasawa? Ni uzee, au naitrojeni imepungua. La juu, njano lakini mishipa imebaki kijani? Mmea haupati madini ya chuma, na mara nyingi udongo umelowa mno au una chokaa nyingi. Vumbi jeupe juu ya jani, kama limemwagiwa unga, ni ubwiri unga. Madoa ya njano yenye kona, yaliyozuiwa na mishipa kama vyumba vya nyumba, na ukigeuza jani unaona ukungu wa kijivu, ni ubwiri vinyoya. Hawa wawili wanachanganywa kila siku, na tabia zao ni tofauti. Ubwiri vinyoya unataka jani lililolowa, hivyo mwagilia shinani, asubuhi. Ubwiri unga hauhitaji hata tone la maji juu ya jani. Kwa huo jaribu maziwa: mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha matokeo ya majaribio yake kwenye maboga machanga, ambapo maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji yalipunguza sana ugonjwa huo. Mimi hutumia sehemu 1 ya maziwa kwa 9 za maji kila wiki. Kinga ni bora. Jani lililoshaenea weupe, likate.

Uchungu wa tango unatokana na kukurbitasini, kemikali ya kinga ya mmea dhidi ya walaji, ambayo huongezeka mmea ukipata joto kali au maji ya leo yapo kesho hayapo. Hujikusanya zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda, kwa hiyo menya na ukate kichwa. Likiwa chungu kupindukia litupe, maana linaweza kuvuruga tumbo vibaya.

Na uvune kila baada ya siku moja au mbili, kwa mkasi, usivute. Tango moja tu likikomaa na kuwa njano huku limejificha, mmea hupeleka nguvu kwenye mbegu zake na kupunguza matunda mapya. Kagua ukiwa umesimama upande mmoja wa kichanja, kisha zunguka uangalie upande wa pili ukiwa umechuchumaa. Lile lililokupita huwa liko huko, karibu na ardhi, nyuma ya jani kubwa kuliko yote.